Hapo Pana Mtu

Usoke, nyumbani

Mwanangu Elia,

Salamu sikupi, maana uko chumba cha pili na nakusikia unavyokoroma kama marehemu baba yako. Nakuandikia kwa sababu jana mdomo wangu ulishindwa. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uikute asubuhi kabla hujanywa chai. Mambo ya kuchemsha maji, na kutokopa, na kusali kabla ya kulala, nimekwisha kuyasema mpaka dada yako akanicheka. Siyarudii.

Nataka kukueleza habari ya picha uliyotaka kunipiga, nikakataa.

Niliona ulivyoumia. Uliazima mashine ya bwana wako mpya, ukaibeba kutoka stesheni kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, ukaifungua hapa uani kwa adabu kubwa. Kisha ukaniambia, "Mama, simama hapa penye ukuta. Vaa lile gauni la kanisani. Kinu kiondoke. Inua kidevu. Usicheke." Na mimi nikasema nina mtama juani, nikaondoka. Mtama wenyewe ulikuwa umekwisha kuanuliwa, na wewe ulijua. Ukafunga mashine yako, ukasema, "Basi, mama, nitakwenda bila sura yako." Neno hilo nimeshinda nalo leo kutwa. Hata kwenye sala ya jioni lilinitangulia.

Sikukataa kwa woga. Wako wazee wanaosema picha inapunguza damu, lakini mimi nimesoma misheni, ijapokuwa kidogo, na najua kwamba kioo hakinywi damu ya mtu. Wala si kwa kuwa naidharau kazi yako. Ni kweli nilikuombea ualimu, Mungu akakupa kazi ya kufuatana na mzungu anayepiga sura za wenyeji kutoka hapa mpaka Ufipa. Yeye ndiye ajuaye. Nilikataa kwa sababu ile sauti uliyotumia naijua. Niliisikia zamani hapa hapa Usoke, wewe ukiwa mgongoni mwangu hujaota meno, siku babu yako Mihambo alipopigwa picha. Nusu ya habari hiyo umeisikia, maana watu huisimulia kwa kucheka. Nusu ya pili sijamsimulia mtu.

Babu yako, baba yangu mzazi, alinizaa akiwa na mvi. Mimi ndiye kitinda mimba. Nilipopata akili, misafara ya pwani ilikuwa imekwisha, reli imefika, na watu walikuwa wakienda Tabora kwa treni. Kwa hiyo mtu niliyemjua mimi ni mzee mrefu, mpenda mlenda, mwenye sugu begani ngumu kama kwato ya ng'ombe. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukiigonga ile sugu kwa vidole, naye hujifanya mlango: "Nani? Leo hatupokei wageni."

Macho yake yalipokufa nikamleta kwetu, kwangu mimi na baba yako. Na hapo ndipo aliponisumbua kwa jambo moja, nalo ni kutangulia. Tukienda shamba, tukienda kisimani, tukienda kanisani, lazima yeye awe mbele. Kipofu, mwanangu, anapapasa njia kwa fimbo, nami nyuma yake na jembe kichwani, wewe mgongoni unalia, jua linatuchoma wote. Nikimwambia, "Baba, nitangulie nikushike mkono," hujibu, "Mayu, kaa nyuma." Mayu ni mama, aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. Siku za Jumapili watu walituona tunavyofika, ibada imekwisha kuanza, wakaziba midomo. Nilidhani ni kiburi cha wanaume, au uzee. Nikawa namwomba Mungu kila siku amlainishe moyo. Ona nilichokuwa nakiomba.

Ndipo akaja yule mzungu wa picha. Watu walimwita Bwana Shuka, kwa sababu kila alipotaka kupiga alijifunika kichwa kwa shuka nyeusi, ikabaki miguu. Alitokea Tabora na karani wake, kijana wa Kizaramo mwenye tai. Alikuwa amesikia kwamba Usoke wako wazee waliokuwa wapagazi, waliobeba pembe za ndovu kwa mabega kutoka huku mpaka Bagamoyo, na alitaka picha yao kabla hawajaisha. Karani ndivyo alivyotutangazia, "kabla hawajaisha," kama mtu anayesema habari za swala.

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Baba alikuwa akikohoa tangu mvua zikome, na niliona wazi kwamba mvua nyingine hatazivuka. Nawe ulikuwa mtoto wa kiume wa kwanza katika nyumba yetu. Nilitaka uje uujue uso wa babu yako. Sikutaka zaidi ya hapo: uso wake tu, niutundike ukutani, nikuonyeshe kwa kidole. Nikamwogesha, nikampaka mafuta, nikamvika koti la harusi la baba yako.

Akalipapasa, akauliza, "Tunakwenda kumzika nani?"

"Tunakwenda kupigwa picha, baba."

"Na huyo anayepiga, anaona?"

"Anaona."

"Haya. Basi si lazima tuone wote wawili."

Tulikutana uwanja wa stesheni, kando ya ghala. Wazee walikuwa kumi hivi, wamekuja na fimbo zao. Kwanza Bwana Shuka akafungua sanduku, akatoa ngozi na shanga na manyoya alivyovinunua safarini, akataka wavae. Mzee Maganga, rafiki wa baba tangu ujana, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akaokota ngozi moja akainusa.

"Hii ya Wagogo," akasema. "Walikuwa wakitutoza ushuru kila kisima. Nikirudi nyumbani nimevaa hii, mke wangu ataogopa kupita mlangoni bila kulipa."

"Vaa tu, mzee, bwana anangoja," karani akasema.

"Kwani wewe mtu wa wapi?"

"Mzaramo."

"Aa, mtani wangu. Ndiyo maana. Babu yako alikuwa akituuzia maji ya mvua."

Karani akacheka, utani ukamshika. "Na nyinyi Wanyamwezi mlipofika pwani mliionja bahari, mkatema, mkauliza nani ameitia chumvi."

"Tuliuliza," Maganga akasema. "Babu yako akajibu ni yeye. Tukamlipa ya chumvi."

Watu wakacheka, na mzungu naye akacheka bila kujua kwa nini, ngozi zikarudi sandukuni. Hii ndiyo nusu unayoijua.

Kisha karani akaanza kuwapanga. Vioo vya picha vilikuwa vimebaki vichache, kwa hiyo wangepigwa wote pamoja: wafupi waketi chini mbele, warefu wasimame nyuma. Alipofika kwa baba akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikasema, "Ni baba yangu."

Sikuwa na jibu jingine, Elia. Hilo ndilo nililolijua. Nilikuwa nimekula na mtu yule tangu nilipoacha ziwa la mama, nimemfulia, nimemwogesha, na mgeni aliponiuliza ni nani, nikatoa jibu ambalo hata kifaranga angeweza kulitoa kuhusu jogoo. Karani akamshika bega, akamsimamisha nyuma, katikati, kwa ajili ya urefu wake. Akawaambia wote, "Inua kidevu. Tazama mbele. Asicheke mtu." Ile sauti. Bwana Shuka akaingia ndani ya shuka.

Akatoka tena. Mbele hapakuwa na mtu.

Wale walioketi walikuwa wameinuka polepole, kila mmoja na fimbo yake, wakaenda kusimama nyuma ya baba. Karani akawarudisha. Wakarudi, wakaketi, mzungu alipojifunika tu, wakainuka wakaenda nyuma. Karani akakasirika. "Wazee, mbona mnajificha? Bwana ametoka mbali."

"Hatujifichi, mtani," Maganga akasema, na safari hii hakuwa akicheka. "Hapo mbele hapasimamwi. Huyu ni kirangozi."

Neno hilo nilikuwa nimelisikia kama unavyosikia jina la mto wa mbali. Maganga akalieleza mbele yetu sote. Kirangozi ndiye aliyeongoza msafara, mwenye kushika njia, mwenye kujua kisima kipi kina maji na chifu yupi ana hasira. Yeye ndiye wa mbele. Mpagazi aliyempita njiani alinyang'anywa mshale mmoja, akaukomboe jioni kambini, watu wote wakimzomea. "Nimekwenda pwani na kurudi nyuma ya mtu huyu mpaka miguu yangu ikaisha unyayo," akasema. "Mgongo wangu haujamtazama hata siku moja. Nianze leo?"

"Lakini haoni," karani akasema.

"Kwani wewe unaijua njia?"

Mwanangu, nilisimama pale na wewe mgongoni katika jua lile. *Mayu, kaa nyuma.* Njia zote zile, shamba, kisimani, kanisani. Nilidhani ananichelewesha. Kumbe alikuwa akinipeleka.

Wazee wakajipanga wenyewe. Hawakuulizana. Baba mbele, Maganga nyuma yake, na wengine mmoja mmoja kwa mstari, mrefu na mfupi, kila mtu akijua pake kama ng'ombe wanavyojua zizi. Mashine ilikuwa inawatazama kutoka mbele, na kwa macho ya mashine palikuwa na mtu mmoja tu, baba.

Baba akauliza, "Nani yuko nyuma yangu?" Haikuwa sauti ya mtu anayekohoa. Sijui aliiweka wapi miaka yote ile.

"Maganga. Pembe."

"Nyuma yake?"

Pakawa kimya, kimya cha kiasi cha jina la mtu. Kisha mzee Kasele, ambaye ndiye aliyefuata, akasema, "Kasele. Pembe." Na kati ya Maganga na Kasele palikuwa na nafasi, nafasi ya mtu na mzigo wake. Karani akaona mstari utakuwa mrefu, picha haitautosha. Akamshika Kasele mkono. "Sogea, mzee, ziba nafasi."

Kasele hakusogea. Maganga akajibu bila kugeuka, "Hapo pana mtu."

"Nani?"

"Kitundu. Tulimwacha Ugogo, alishikwa na ndui."

Karani akaenda kwenye nafasi ya pili, sauti yake imeshuka. "Na hapa?"

"Ndugu wawili. Mto uliwachukua."

Alipofika kwenye nafasi ya tatu hakuuliza. Alivua kofia yake akaishika kifuani, akarudi nyuma hatua kadhaa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Mstari ukaendelea kutaja majina na mizigo, na vimya vyake katikati, ukapita ghala, ukafika majani. Nafasi zilikuwa nyingi kuliko watu.

Nami, kwa mazoea, nikaona kola ya koti la baba imekunjika. Nikaenda mbele yake kuinyoosha. Maganga akanishika kiganja, taratibu sana. "Mayu. Nyuma."

Nikaenda nyuma. Nikapita kando ya mstari mzima mpaka mwisho, mahali ambapo zamani za misafara walitembea wanawake wenye vyungu. Na nitakuambia kitu, ukicheke ukitaka: kila nilipofika penye nafasi nilijikuta napinda mwendo kidogo, nisimkanyage mtu. Mimi Mkristo, mbatizwa, sikuona mzimu wala sikuutafuta. Niliona tu kwamba pale pana heshima ya mtu, na miguu yangu ikaipa kabla ya kichwa changu. Nimeshiriki meza ya Bwana miaka mingi, na nakiri kwako kwamba ni mara chache nimekuwa na hofu njema kama ile.

Bwana Shuka alikuwa ametoka ndani ya shuka yake. Akamwuliza karani, na karani akamweleza kwa muda mrefu, akionyesha nafasi moja moja. Mzungu akaibeba mashine yake na miguu yake mitatu, yeye mwenyewe, hakumwita mtu, akaenda nayo kando, mbali, karibu na reli. Kisha akasimama, akasema neno. Karani akalileta kwa baba.

"Mzee, bwana anauliza, yeye asimame wapi?"

Baba akafikiri. "Akae ubavuni," akasema. "Kama mtu wa kijijini anayetutazama tukipita. Hapo hatatuzuia."

Ndipo akatoa sauti, "Pakia!" Wazee wote wakainama pamoja, wakainua kitu kisichokuwapo, wakakiweka begani. Elia, niliona mabega yakishuka. Niliona goti la Kasele likitetemeka kwa uzito. Wakasimama hivyo, shingo zimepinda, macho mbele, katika uwanja ule wa stesheni wenye magunia na kelele zake. Sijui mzungu alichukua muda gani ndani ya shuka. Nilijua tu kwamba nimo nyuma ya watu wengi sana.

Baba akasema, "Tua." Wakatua polepole, kwa mikono miwili, vitu visivunjike.

Picha ilikuja baada ya miezi, na karani mwenyewe ndiye aliyeileta kwa treni. Baba alikuwa hainuki tena mkekani. Niliichukua mpaka dirishani kwa pupa, nikautafuta uso wake. Haukuwapo. Ulikuwapo mstari mrefu wa watu wadogo katika mwanga mwingi, na kichwa cha baba ni kama punje ya mtama, hakina jicho wala pua. Mwisho kabisa nipo mimi na nundu mgongoni, ndiyo wewe. Nikalia, maana ndicho kitu kimoja nilichokitaka.

"Unalia nini?" baba akaniuliza.

"Uso wako hauonekani, baba."

"Nafasi zinaonekana?"

Nikafuta macho, nikatazama tena. "Zinaonekana."

"Zote?"

Nikazipitia kwa kidole, tangu kwa Maganga mpaka kwangu. "Zote, baba."

"Mpe karani chai," akasema.

Hakuishi sana baada ya hapo. Ile picha mchwa waliila pamoja na mbao zake ulipokuwa unaanza kutembea, na Bwana Shuka hatukumsikia tena. Kwa hiyo uso wa babu yako hukuupata, nami sikuweza kukuonyesha kitu kwa kidole. Zamani jambo hilo liliniuma. Siku hizi nikifumba macho nauona ule mstari wote, na uso wake siuoni, na haunipungukii.

Ungedhani nilijifunza mara moja. Sikujifunza. Baba yako aliporudi kutoka vita ya Burma alikuwa hagusi wali. Nikipika wali husukuma sahani, na mimi nilihesabu kuwa ni dharau, kwamba ameonja vyakula vya watu huko. Tulinuniana kwa ajili ya wali miaka mingapi! Mpaka anakufa sikumwuliza wali umemfanya nini. Labda kulikuwa na nafasi pale pia, na mimi nilikuwa nasukuma sahani ndani yake kila Jumapili. Nimeomba msamaha kwa Mungu, lakini aliyestahili kuulizwa ni baba yako.

Sasa wewe unakwenda. Utashuka Kigoma, mtaelekea Ufipa, na utawakuta watu ambao hata salamu yao huijui. Wewe ndiwe utakayekuwa na tai, na bwana wako atakuwa chini ya shuka, na wazee watakutazama wewe wajue wasimame wapi. Naogopa, mwanangu. Si treni, si homa. Naogopa utaipata haraka ile sauti, kwa kuwa jana uliitumia kwangu bila shida, na mimi ni mama yako. Yule karani alikuwa kijana mwema, na wewe ni mwema. Wema wenyewe haukumzuia kumshika Kasele mkono.

Nilikosea jana kuondoka bila kukuambia hayo. Nilikuacha na mashine yako uani kama mtoto aliyenyimwa chakula, na kumbe nilikuwa na neno. Unisamehe.

Mungu wa babu yako na wa baba yako akushike. Treni haiji mpaka jua lipande, muda upo. Ukimaliza kusoma, kunywa chai, kisha itoe mashine uani. Kinu hakiondoki. Gauni la kanisani nitavaa au sitavaa, nitaona nikiamka. Na mahali pa kusimama nimekwisha kupachagua, lakini sitakuambia. Uniulize.

Mama yako